Viti Viwili vya Mabinti wa Ouma

Vijana wangu, nawaona mkishika simu zenu na kuguna. Mnataka kusafiri tu, na simu inataka kwanza kujua ninyi ni nani. Inawatumia namba, mnairudisha, inasema muda umekwisha. Inaomba picha ya uso, mnaipiga, inasema uso hauonekani vizuri. Halafu jina lenu linatofautiana kwa herufi moja na lile la kwenye pasipoti, na shughuli yote inaanza upya. Mnadhani taabu hii imeletwa na simu. Mimi nimeuza tiketi za ndege hapa Kisumu tangu simu ni ya kuzungusha kwa kidole, na nawaambia taabu hii ni mkubwa wenu kwa umri.

Naitwa Dorka. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na ngazi yake ilikuwa ndefu na yenye giza. Mwenye ofisi aliishi Nairobi, hakuja mara nyingi. Tulifanya kazi wawili tu, mimi na Mzee Wafula, mtu wa Bungoma aliyehamia Kisumu akiwa kijana na kuanza maisha kwa kubeba mizigo uwanja wa ndege. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Siku yangu ya kwanza aliniuliza, "Abiria ni nani?"

Nikamjibu ni mtu anayesafiri.

"Hapana. Abiria ni jina. Mtu atafika uwanjani amevaa suti, mzigo anao, ameshaagana na mama yake mpaka wamelia. Kama jina halipo, basi na yeye hayupo."

Nilidhani anatania. Wafula alikuwa na utani mwingi, lakini huo haukuwa utani.

Miaka ile ya themanini tuliweka nafasi kwa simu. Unapiga Nairobi, unangoja, laini inavuma kama kuna upepo ndani yake, kisha unatamka jina herufi moja moja. Wafula alikuwa na alfabeti yake mwenyewe. A ya Ahero, B ya Bondo, K ya Kaloleni, U ya Usenge. Karani wa upande wa pili anauliza, "Ahero ndiyo nini?" Wafula anajibu, "Bwana, wali unaokula mchana unatoka huko, na wewe hata jina lake hulijui." Wanacheka, herufi inaandikwa, tunaenda mbele.

Majina yetu huku ndiyo yalikuwa kazi yenyewe. Mtu ana jina la kanisani, ana jina la saa aliyozaliwa, ana la baba. Akiolewa, mumewe anamwongezea jingine, na kipande chake, yaani kitambulisho, bado kina lile la zamani. Ukimuuliza anaitwa nani, anakupa lile analopenda. Kwa hiyo Wafula alinikataza kuandika jina kwa kusikia. "Shika pasipoti mkononi," alisema. "Andika kile kidole chako kinachogusa."

Nakumbuka mzee mmoja wa Kano, hapa jirani na Kisumu, ambaye nafasi yake iliwekwa kwa simu na mume wa binti yake, kupitia ofisi nyingine. Mkwe wa watu hawezi kumtaja baba wa mke wake kwa jina kavukavu, si mnajua? Alipoulizwa msafiri ni nani, akasema kwa heshima zote, "Jaduong'." Karani akaandika. Mzee akafika Nairobi na tiketi ya Bwana Jaduong', yaani Bwana Mzee, huku pasipoti ikisema mengine kabisa. Aliwekwa kando hadi abiria mmoja aliyejua Kijaluo akawaeleza maofisa kwamba hilo si jina, ni adabu. Bahati yake alikutana na watu waliokuwa tayari kusikiliza. Tulilicheka jambo hilo kwa miaka mingi.

Kisha miaka ya tisini ikaja na kompyuta. Ilikuwa na kioo cheusi na maandishi ya kijani, na tuliifunika kwa kitambaa kilichofumwa kana kwamba ni kitu cha sebuleni. Kila asubuhi uliingia kwa namba ya ofisi, halafu namba yako mwenyewe, halafu neno la siri. Shida ilikuwa umeme. Ukikatika ghafla, kule Nairobi mashine kubwa inabaki ikiamini kwamba bado umekaa kwenye kiti unafanya kazi. Ukirudi, inakukatalia. Siku moja nilipiga simu kuomba nifunguliwe.

"Tayari umeingia," karani akaniambia.

"Sijaingia, dada. Niko nje."

"Mimi hapa naona Dorka yuko ndani."

"Dorka ni mimi!"

"Na huyo aliye ndani pia ni Dorka."

Wafula alicheka hadi akavua miwani kujifuta macho. Mimi pia nilicheka. Tulikuwa hatujapata sababu ya kutocheka.

Sasa niwaambie habari za mabinti wa Ouma.

Walikuwa pacha kutoka Usenge, Apiyo na Adongo, wanawake wazima waliokuwa wakianika na kuuza omena, dagaa wa ziwani, ufuoni. Adongo aliwahi kuolewa, mume akafa, akarudi kwa baba yake. Apiyo hakuolewa. Aliugua homa ya viungo akiwa mtoto na ikamharibu moyo. Kadiri miaka ilivyokwenda pumzi yake ilizidi kuwa fupi, mpaka daktari akasema mlango mmoja wa moyo umechoka na lazima ufanyiwe upasuaji. Hospitali iliyokubali kumpokea ilikuwa Bombay. Watu wa kanisa lao walichanga, ndugu wakachanga, pasipoti na viza zikapatikana. Ilibaki tiketi tu.

Siku waliyokuja, nilisikia sauti ya Adongo kwenye ngazi ikisema, "Pumzika. Pumzika kwanza." Nikachungulia. Apiyo alikuwa ameketi katikati ya ngazi, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu ameshika mkononi. Wafula alichukua kalamu na karatasi, akashuka, akaketi kwenye ngazi chini yake kidogo, akamhudumia pale pale.

"Mama, tutakupeleka," alimwambia.

"Erokamano, Mzee," Apiyo akamshukuru. "Mimi ndege naiona tu ikipita juu ya ziwa. Sijui hata inapanda vipi."

"Inapanda polepole kuliko wewe unavyopanda hizi ngazi."

Wote watatu walicheka, na Apiyo akakohoa kwa sababu ya kicheko.

Desturi ya wakati ule ilikuwa kuandika jina la baba, kisha herufi ya kwanza ya jina la mtu mwenyewe, kisha Bwana au Bibi. Hivyo ndivyo mashirika yalivyotuagiza na hivyo ndivyo Wafula alivyoandika. Apiyo kanisani ni Agnes, Adongo ni Anjelina. Kwa hiyo kwenye kioo kilichoonekana ni Ouma A., Bibi, na chini yake Ouma A., Bibi. Nafasi zote mbili zikakubaliwa.

Baada ya siku kadhaa nilifungua safari ile kuhakikisha, kama tulivyofanya kwa kila mgonjwa. Nikakuta Ouma mmoja.

Nilipiga simu Nairobi. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole ambaye hakuwahi kutuambia jina lake, ingawa tulizungumza naye sana baadaye.

"Mfumo umeondoa nafasi iliyorudiwa," alisema.

"Haikurudiwa. Ni watu wawili."

"Mama, ni Ouma A., Bibi. Siku moja, ndege moja, kwenda mahali pamoja."

"Ni pacha."

"Basi tuma majina kamili."

Tukatuma majina kamili. Kufikia hapo kile kiti kilichoachwa kilikuwa kimechukuliwa na mwingine, tukawekwa kwenye orodha ya kungojea ndege nyingine. Hilo tungelivumilia. Lakini majina kamili yalikwenda pamoja na nakala za pasipoti, zenye namba, picha na tarehe za kuzaliwa, na hayo yakaamsha kitengo cha usalama cha shirika. Yule mwanamke alitupigia mwenyewe.

"Usalama wamesimamisha safari nzima. Pasipoti mbili, namba zinafuatana. Siku ya kuzaliwa moja. Baba mmoja. Na nakala za picha tulizonazo ni za mtu mmoja."

"Si mtu mmoja," Wafula alisema. Alikuwa amechukua mkono wa simu kutoka kwangu. "Ni sura moja. Watu ni wawili. Mimi nimewaona kwa macho yangu."

"Nakuamini, Mzee. Lakini wao wanataka uthibitisho. Kuna watu wanaosafiri na pasipoti mbili."

"Basi mwache huyu mgonjwa atangulie. Mwenzake atamfuata mkimaliza kuchunguza."

"Mgonjwa wa moyo haruhusiwi kupanda bila mtu wa kumwangalia."

"Nani amekataza?"

"Ni sheria yetu."

"Na huyo wa kumwangalia mmemfuta."

"Ndiyo, Mzee," yule mwanamke akasema polepole. "Naona hivyo."

Vyeti vya kuzaliwa vya pacha hao havikuwa na msaada. Walizaliwa nyumbani, Usenge, na vyeti walipewa wakiwa watu wazima, kwa karatasi ya chifu, siku moja, kwa mwandiko mmoja. Ukiviweka pamoja unaona kama mtu ameandika kitu kile kile mara mbili. Tuliona njia iliyobaki ni picha. Niliwapeleka studio, wakakaa kwenye benchi mbele ya pazia lenye maua, kila mmoja ameshika pasipoti yake wazi kifuani. Mpiga picha aliwaambia watabasamu. Adongo akamwambia, "Wewe piga tu. Hii si ya harusi."

Tuliituma kwa faksi. Nairobi wakajibu kwamba wamepokea karatasi yenye madoa mawili meusi. Tukaipeleka yenyewe kwa basi, kwenye ofisi ya vifurushi, na ikapokelewa. Kuanzia hapo jibu lilikuwa moja, kila nilipopiga: inashughulikiwa.

Kurudi Usenge na kuja tena kulikuwa kumemshinda Apiyo, kwa hiyo nikawachukua nyumbani kwangu Kaloleni. Nilikuwa na chumba kimoja cha ziada. Apiyo hakuweza kulala chali, alilala ameketi, mito mgongoni, kichwa ukutani. Mchana alipenda kuwekwa mlangoni apigwe na upepo. Aliitisha omena niliyonunua, akaichagua kwenye ungo akitoa vijiwe na vipande vya konokono.

"Dorka, wewe unanunua mchanga," aliniambia. "Ukinunua, ingiza mkono chini kabisa ya gunia. Ile ya juu ni ya kukudanganya. Halafu ivunje moja. Kama imeanikwa juani vizuri inalia, tap. Ile ya mvua inapinda."

Mpaka leo hivyo ndivyo ninavyonunua.

Jioni moja aliniuliza, "Hao watu wa Nairobi wanafikiri tumeiba nini?"

"Hawafikirii mmeiba. Wanafikiri mko mmoja."

Alitupa kijiwe kimoja nje ya ungo. "Hata sisi tukiwa wadogo tulifikiri hivyo," akasema. "Mama akimchapa Adongo, nilikuwa nalia mimi."

Adongo aliyekuwa akiosha sufuria uani akajibu bila kugeuka, "Na wewe ukikimbia, mimi nachoka. Mpaka leo nachoka."

Wiki ile pumzi ya Apiyo ilibadilika. Tulimpeleka hospitali, wakampa dawa za kutoa maji mwilini, akapata nafuu kidogo, akaomba kurudishwa nyumbani. Daktari aliniita kando na kuniambia kama kuna safari basi iwe sasa. Nilikwenda ofisini nikapiga simu. Yule mwanamke wa Nairobi aliniambia kwamba ameongea na kitengo cha usalama yeye mwenyewe, na kwamba kesho watapiga ili kumhoji mmoja wa wale pacha kwa simu. Awe tayari ofisini asubuhi.

Adongo alikuja amevaa gauni la kanisani. Kwa ajili ya simu. Alimwacha Apiyo mlangoni, ameketi kwenye jua, na jirani yangu Mama Achieng' akimwangalia.

Simu ililia karibu na saa sita. Afisa alikuwa mwanamume, anauliza kwa haraka kama mtu anayesoma. Adongo aliishika simu kwa mikono miwili.

"Jina lako kamili?"

"Anjelina Adongo Ouma."

"Jina la dada yako?"

"Agnes Apiyo Ouma."

"Nani mkubwa?"

"Apiyo."

"Unajuaje?"

"Bwana, ndiyo maana ya jina. Kwetu pacha anayetoka kwanza ni Apiyo. Anayebaki nyuma ni Adongo."

"Alama gani mwilini mwako ambayo yeye hana?"

Adongo alifikiri. "Nina kovu la mshipi kwenye kiganja. Ndoano iliniingia."

"Na yeye ana alama gani?"

"Yeye ni mgonjwa," Adongo alisema. "Ukimwona utajua."

Hapo ndipo nilipomwona Mama Achieng' amesimama mlangoni. Alikuwa amepanda ngazi zile mbio, na kanga yake imefunguka. Hakunitazama mimi. Alimtazama Adongo aliyekuwa bado na simu sikioni, kisha akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Adongo alimwona. Aliiweka simu mezani, hakuikata. Sauti ya yule afisa ikaendelea kutoka pale mezani, ndogo, ikisema, "Halo? Bibi Ouma? Bibi Ouma uko?"

Wafula ndiye aliyeinua mkono wa simu na kuurudisha mahali pake.

Mama Achieng' alituambia baadaye kwamba Apiyo hakupiga kelele. Aliomba maji, akaletewa, na alipoletewa alikuwa ameshainamisha kichwa.

Tulimzika Usenge. Sitawaeleza mazishi, mnajua yalivyo. Nitasema tu kwamba Adongo hakulia kwa sauti kama wengine. Alikaa kando ya jeneza akipumua kwa shida, kwa kukatika, kama alivyokuwa akipumua marehemu, hadi wazee wakaogopa na kumwita muuguzi. Muuguzi alimpima akasema moyo wake ni mzima kabisa.

Niliporudi kazini niliifungua kompyuta. Safari ya mabinti wa Ouma ilikuwa juu kabisa. Kitengo cha usalama kilikuwa kimeridhika. Majina yalikuwa mawili, kamili, kila moja na namba yake ya pasipoti, na mbele ya kila jina alama ya kukubaliwa. Chini kulikuwa na maneno yanayomaanisha: abiria wawili tofauti, wamethibitishwa. Wafula alisoma juu ya bega langu. Siku hiyo hakuhudumia mtu.

Safari ile ilibidi ifutwe, lakini sikuwa na moyo wa kuifuta. Niliiacha hadi Adongo alipokuja kuchukua pasipoti walizokuwa wameacha kwetu. Alipanda ngazi polepole. Nikamweleza yaliyotokea kwenye mashine, kwa sababu niliona ni haki yake kujua.

"Nionyeshe," alisema.

Nikageuza kioo. Hakuweza kuelewa yale maandishi ya kijani, mengi yalikuwa vifupisho. "Nisomee."

"Ouma, Agnes Apiyo. Kiti kimoja," nikasoma. "Ouma, Anjelina Adongo. Kiti kimoja."

"Tena."

Nikasoma tena.

"Wameandika vizuri," akasema. "Sasa toa."

"Nitoe jina la Apiyo?"

"Toa yote. Mimi naenda Bombay kufanya nini?"

Niliandika amri ya kufuta. Kompyuta zile zilikuwa zikiuliza mara ya pili kama una hakika. Nikabonyeza, kioo kikabaki cheusi, na Adongo akazifunga pasipoti zile mbili kwenye leso na kushuka.

Tangu siku ile Wafula hakuandika herufi peke yake. Aliandika majina yote, hata pale shirika lilipolalamika kwamba yanajaza nafasi, na mimi nikafanya vivyo hivyo hadi nilipostaafu. Miaka michache baadaye mashirika yenyewe yakaanza kudai majina kamili, yakatutumia maagizo kana kwamba ni jambo jipya. Wafula alikuwa ameshafariki.

Nawaambia haya si ili mchukie ukaguzi. Wako watu wabaya, na lazima waulizwe. Nawaambia kwa sababu baadhi yenu mtaajiriwa upande ule mwingine, upande wa wanaouliza. Mtakuwa na kioo chenye rangi nzuri kuliko changu, na kitawaambia kwamba mtu fulani amerudiwa, au hayupo, au hafanani na picha yake. Msikiamini mpaka mmemwita huyo mtu na kumsikiliza. Na mkimpigia simu, mwambieni jina lenu kwanza.

Adongo nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo. Ilikuwa sokoni hapa Kisumu, ameketi nyuma ya magunia ya omena, amekonda, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Tulisalimiana, akanipimia. Tulikuwa bado tunaongea wakati mwanamke mmoja kutoka pande za kwao alipopita akiwa na mzigo kichwani, akamwona, akapaza sauti kwa furaha.

"Apiyo! Kumbe uko huku?"

Nilifungua mdomo nimsahihishe yule mama. Adongo aliniwahi.

"Niko," alimjibu. "Nipo tu, mama. Watu wa nyumbani hawajambo?"

Waliongea habari za Usenge, za nani ameoa na mvua imefikia wapi, na yule mama akaenda zake. Nilimtazama Adongo, nikamuuliza kwa nini hakumwambia.

Aliongeza kiganja kimoja cha omena kwenye karatasi yangu, akaifunga.

"Amemsalimia vizuri," alisema. "Ningemnyima mtu salamu yake?"